Uso Uliotazama Maneno

Ardith Niemi alikuwa kwenye foleni ya donati, hapelelezi chochote, Reino Saarela alipomsogezea simu hadi puani.

"Tazama, dada. Tazama mwenyewe halafu uwaambie hawa. Kilo sita na nusu!"

Foleni ikacheka. Reino ndiye mwokaji pekee wa Grand Marten anayefungua kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo watu walimvumilia. Kila mwezi wa Machi alikuwa na samaki mmoja aliyenenepa kadiri alivyosimuliwa.

"Wiki jana alikuwa kilo tano," akasema jamaa mmoja nyuma ya Ardith. "Bado anakula humo kwenye friji?"

"Wivu wako utakuua kabla ya barafu," Reino akamjibu.

Ardith akatazama kwa adabu tu. Ulikuwa ukurasa wa Barafu Nene, jukwaa la mtandaoni la wavuvi wa barafuni, wale wanaotoboa ziwa lililoganda, na aliujua ukurasa huo kuliko alivyotaka. Kushoto mwa kila ujumbe kulikuwa na picha ndogo ya mwandishi, isiyozidi ukucha wa kidole gumba. Reino naye alikuwemo, amevaa kofia yake nyeupe yenye herufi R, uso ameugeuzia maneno yake, na lile sikio lililoliwa na baridi miaka mingi iliyopita likionekana wazi, limebaki nusu.

Akarudisha simu, akachukua mfuko wake wa donati, akafika mlangoni. Hapo akasimama.

"Reino, hebu geuka."

"Nigeuke vipi?"

"Sikio bovu ni lipi?"

"Si hili hapa! Miaka yote hii ndiyo unaliona leo?" Reino akaligusa. Lilikuwa la kushoto.

"Nipe tena hiyo simu."

Kwenye picha, sikio lililokatika lilikuwa la kulia. Na ile R ya kofiani ilikuwa imesimama sawasawa, inasomeka vizuri, haikugeuka.

Ardith akaweka mfuko wa donati juu ya kaunta.

"Nani alikutengenezea hii?"

"Gwen Paquette. Anatutengenezea karibu sote. Kwani imetoka vibaya?"

"Imetoka vizuri," Ardith akasema. "Ndiyo shida yake."

Garini hakuwasha injini. Jalada la Haugen lilikuwa ofisini, lakini hakulihitaji. Alilijua kwa moyo, na ukurasa wake wa mwisho aliuandika mwenyewe.

Solveig Haugen, miaka themanini na mitatu, alimjia karibu miaka miwili iliyopita. Alikuwa na mtoto mmoja, Dale. Siku ya kumzika baba yake, Dale alifika makaburini amelewa na amechelewa, udongo umeshafukiwa. Solveig akamwambia mbele ya watu wote: "Nisiuone tena uso wako." Ulimi hauna mfupa. Dale akatii. Miaka ikapita, hakuna barua, hakuna simu, hakuna aliyemwona. Kisha macho ya Solveig yakaanza kuondoka, kwa ugonjwa ule unaokula katikati ya jicho na kuacha pembeni. Daktari alimpa mwaka mmoja, labda na nusu, kabla hajabakiwa na mwanga na kivuli tu.

"Nataka niuone uso niliosema sitaki kuuona," alimwambia Ardith siku ile ya kwanza. "Basi. Sina ombi jingine."

Februari ya mwaka jana Ardith alipata mtu. Alijiita Chambo Bure kule Barafu Nene, na aliandika kwamba marehemu baba yake alikuwa akichonga samaki wa bandia kwa mti wa mwerezi na kuwapaka tumbo jekundu. Baba yake Dale alifanya hivyo hivyo. Picha yake ndogo ilionyesha mwanamume mwenye ndevu na kofia yenye namba 4, kofia ya ghala la nafaka namba nne, ambako Dale aliwahi kufanya kazi pamoja na nusu ya wanaume wa mji. Na nyusi yake moja ilikatwa katikati na kovu. Dale alikuwa na kovu kama hilo, alilopata utotoni kwa kiatu cha kutelezea barafuni. Ila la Dale lilikuwa nyusi ya kushoto, na la Chambo Bure lilikuwa ya kulia.

Ardith hakuwa mtu wa kukurupuka. Miaka ishirini na miwili alikagua madai ya bima kabla ya kuanza kutafuta watu waliopotea, na alijua kuwa picha huweza kugeuzwa kama kwenye kioo. Ndiyo maana aliiangalia namba. Picha ikigeuzwa, maandishi nayo hugeuka. Ile 4 haikugeuka. Kwa hiyo picha haikugeuzwa, kwa hiyo kovu lilikuwa kulia kweli, kwa hiyo huyu si Dale. Aliandika hivyo katika ripoti, kwa mpangilio huo huo, na mpangilio huo ulimpendeza.

Angeweza kumwandikia Chambo Bure, maneno matatu tu. Lakini anayetafutwa akijua anatafutwa hukimbia, na asiyetafutwa haandikiwi. Badala yake alimfuata Dale Haugen mwingine hadi Saskatchewan, akamkuta ni dereva wa basi mwenye miaka ishirini na tisa na nywele nyekundu, kijana mcheshi sana aliyemkaribisha supu.

Akawasha injini.

Nyumba ya Gwen Paquette ilikuwa kando ya reli, na treni za nafaka zikipita vikombe vilitikisika kabatini. Gwen alikuwa na miaka sitini na kitu. Maisha yake yote alikuwa akisafisha picha za shule: kufuta chunusi, kufumbua macho yaliyofumba, kulaza nywele zilizosimama. Alipostaafu mikono ikamwasha, ndipo akaanza kuwatengenezea wavuvi picha zao, bure, kwa malipo ya minofu ya samaki.

"Mpelelezi mlangoni kwangu asubuhi yote hii," akasema. "Nimeua nani?"

"Bado sijajua. Naomba uniambie jinsi unavyopunguza picha. Toka mwanzo, usiruke kitu."

"We dada, utalala hapo hapo kitini. Mume wangu hulala."

"Nijaribu."

Gwen akavuta kiti mbele ya kompyuta. Ardith akatoa daftari. Mwenye nyumba akafungua picha ya mgeni fulani, bibi mmoja mwenye miwani na samaki, picha kubwa iliyojaa kioo kizima.

"Hii ina pikseli, zile nukta, elfu nne kwa upana. Jukwaani nafasi ni arobaini na nane. Watu wanaitupa yote kama ilivyo, mashine inaiminya, halafu wanalia mbona natoka kama uji. Sasa sikiliza. Kompyuta ikipunguza, inachukua nukta nyingi inazipatanisha ziwe moja. Nyeusi na nyeupe zikibishana, jibu ni kijivu. Kwa hiyo kwanza unakata. Samaki nje, mandhari nje, mabega nje. Uso ujae. Mtu anataka na samaki aonekane; namwambia chagua, wewe au yeye."

"Halafu?"

"Halafu unapunguza kwa hatua. Nusu, tena nusu, tena nusu, na kila hatua unatazama kilichokufa. Ukishafika unaongeza ukali kidogo, kama chumvi. Ukizidisha, uso unaota ukingo mweupe kama mtu aliyejipaka unga. Halafu unahifadhi aina isiyosagwa, maana kwenye picha ndogo hivi kila nukta ni mali. Na usipunguze kamwe nakala ya nakala. Unarudi kwenye picha ya asili kila mara."

"Kwa hiyo picha za asili unazo."

"Zote. Usinikatize, nilikuwa nimenoga." Akasogeza kalamu ya kompyuta. "Sasa kuna vinavyokufa hata ufanye nini. Mng'aro wa macho unakufa. Mdomo unakufa kabisa. Maandishi ndiyo usiseme, yanakuwa kinyesi cha nzi. Hivyo navichora upya kwa mkono, nukta kwa nukta. Jicho nukta moja nyeupe. Mdomo nukta tano, na za pembeni nazipandisha kidogo. Kila mtu wangu anatabasamu kidogo. Sijamsikia hata mmoja akilalamika."

"Na maandishi ya kofiani?"

"Hayo huwa ya mwisho. Nafuta uchafu wote, nachora herufi mpya juu."

Ardith akaacha kuandika. "Gwen. Kabla ya hapo, picha unaigeuza?"

"Lazima uigeuze, jamani!" Gwen akashangaa swali lenyewe. "Kama mtu ametazama kushoto. Picha inakaa kushoto, maneno yake yako kulia. Mtu akiyapa kisogo maneno yake mwenyewe, nani atamwamini? Watu wa Barafu Nene wote wanatazama maneno yao. Nenda kahesabu. Ni utaratibu wetu."

"Na hakuna aliyewahi kukuambia kwamba umemgeuza? Reino je, na sikio lake?"

"Atajuaje? Reino anajiona wapi? Kwenye kioo cha bafuni. Ukimgeuza ndipo anapojitambua. Wasipogeuzwa ndiyo wananiambia, Gwen, mbona hapa sura imenikaa upande?"

Hapo kila kitu kikakaa mahali pake, na Ardith hakufurahi hata kidogo. Kwa kawaida saa kama hii ilimpa utamu fulani, ule wa kufuli kufunguka. Sasa alijiona mjinga tu. Alikuwa amepima kwa namba 4, na namba 4 ilichorwa baada ya kosa, na mwanamke mkarimu aliyetaka isomeke vizuri. Yeye alidhani picha ndogo hutengenezwa na mashine. Haikumjia kwamba kuna mtu aliyekaa kando ya reli anachora pembe za midomo.

Akatoa mkobani karatasi aliyopitia kuichukua ofisini, kurasa mbili zilizogundishwa. Ilikuwa ile picha ya Chambo Bure, aliyoikuza mwaka jana hadi ikawa kubwa kama trei.

Gwen akaishika kwa ncha za vidole. "Nani amefanya unyama huu?"

"Mimi. Kulikuwa na mtu mwenye macho mabovu. Nilidhani nikikuza ataona zaidi."

"Ukikuza kitu kidogo unapata vigae tu, mpenzi wangu. Hakuna kilichojificha humo. Nilichokitoa nimekitoa." Gwen akaenda kuisimamisha karatasi juu ya jiko, akamvuta Ardith mkono hadi mwisho wa ukumbi. "Tazama sasa. Finya macho."

Kwa mbali vile vigae vikaungana. Ukatokea uso wa mtu, ndevu, kofia, nyusi iliyokatika, na tabasamu dogo.

"Huyo mwenye macho mabovu," Gwen akauliza, "ulimweka umbali gani?"

"Nilimpa mkononi. Akaishika hapa." Ardith akaonyesha, kiganja mbele ya pua.

Treni ikapita, vikombe vikalia, ikaisha.

"Nahitaji picha ya asili ya huyu," Ardith akasema.

"Hapana. Samahani, dada, lakini picha za watu ni amana. Wananipa kwa kuniamini."

"Ana mama. Mama alikuwa anapofuka. Alitaka amwone kabla. Mwaka jana mwezi wa pili nilimpelekea hii, akaniambia kovu liko upande mwingine, na mimi nikakubaliana naye. Yule mama sasa hatofautishi dirisha na mlango."

Gwen akakaa.

"Mimi nilikuwa namfanya apendeze tu," akasema.

"Najua."

"Miaka yote kazi yangu ilikuwa hiyo. Kupendezesha."

"Najua, Gwen. Wewe hukuandika ripoti."

Gwen akafungua kabrasha. Picha ya asili ikajaza kioo. Dale Haugen alikuwa ametazama kushoto, mbali na mahali ambapo maneno yake yangekuja kukaa, kovu likiwa nyusi ya kushoto, wazi kabisa. Alikuwa hatabasamu. Namba 4 ya kofiani ilikuwa imechakaa, huwezi kuisoma kama hujui. Na nyuma yake, katika ile sehemu ambayo Gwen huitupa nje kwanza, kulikuwa na kibanda cha kuvulia, cha samawati, juu ya barafu, pampu ya mafuta, na kibao cha mbao chenye maneno: GATI LA HEBERT.

"Ziwa Minnow," Gwen akasema. "Saa mbili kwa gari. Lakini harakisha. Jumatatu ndiyo mwisho, sheria inataka vibanda vyote viwe vimetoka barafuni kabla haijayeyuka. Akishaondoa cha kwake, basi tena."

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Kibanda cha samawati kilikuwa kimeshapandishwa juu ya skidi, zile mbao za kuteleza juu ya theluji, kamba zimekazwa, pikapu inaunguruma. Mwanamume mwenye ndevu alikuwa akipiga teke barafu iliyoganda kwenye skidi. Ardith akatembea mita mia mbili juu ya ziwa, theluji iliyolowa ikimshika viatu, na kabla ya kufika alikuwa ameshaliona kovu. Ana kwa ana halikuhitaji mpangilio wowote.

"Dale Haugen."

"Anayeuliza ni nani?"

"Ardith Niemi, kutoka Grand Marten. Nimetumwa na mama yako."

Mguu wa Dale ukabaki hewani, kisha akaushusha. "Amekufa?"

"Yu hai."

"Basi ananitakia nini? Alisema asiuone uso wangu. Nilikuwa nimelewa, lakini masikio yalikuwa yanasikia."

"Amenituma niutafute huo huo."

Dale akazima injini ya pikapu. Ukimya wa ziwa ukawa mkubwa. Akauliza jinsi alivyopatikana, na Ardith akamweleza yote, akamwonyesha picha zote mbili, ndogo na ya asili. Hakuficha kitu. Alikuwa amelipanga hilo njia nzima.

"Hii ndogo uliiona lini?"

"Februari."

"Mwezi uliopita."

"Februari ya mwaka jana."

Dale akatazama picha, akamtazama yeye. "Mwaka jana. Na hukuja."

"Niliona kovu liko kulia. Nikasema si wewe."

"Mbona liko sawa? Hivi ndivyo ninavyojiona kila siku."

"Kwenye kioo," Ardith akasema.

Dale akagusa nyusi yake, ya kushoto, halafu akatazama tena picha, na Ardith akaona jinsi alivyoelewa.

"Unajua wengine kule wanaweka nini?" Dale akasema. "Mbwa. Samaki. Chupa ya bia. Mimi nilimtumia Gwen uso wangu. Sikuwa na ujasiri wa kupiga simu, nisidanganye. Nikasema, mtu wa kwetu akipita hapa atanijua, kovu si limo? Nikaweka na habari za samaki wa baba. Nikangoja. Msimu ukaisha, ukaja mwingine, hakuna aliyesema kitu. Nikajua basi, hata huko hakuna anayenitaka."

"Kosa ni langu," Ardith akasema. "Si lake. Yeye alitaka."

"Anaweza kuona?"

Ardith alikuwa ameombea asiulizwe hilo barafuni, akiwa amesimama peke yake na mtu huyu.

"Mwaka jana alikuwa anaweza," akajibu.

Dale akageuka akapiga tena teke ile barafu, mara nyingi, ingawa ilikuwa imeshang'oka. Kisha akafungua mlango wa pikapu.

"Tangulia," akasema. "Mimi nakufuata. Nikipotea njiani, ujue nimeogopa, uje unitafute tena. Safari hii tazama kushoto."

Nyumba ya wazee ilinuka supu ya kabichi na sakafu iliyopigwa deki. Solveig Haugen alikuwa ameketi dirishani, amegeuzia shavu kwenye mwanga, jinsi wafanyavyo wale waliobakiwa na pembeni tu. Dale akakwama mlangoni, kofia mkononi. Ardith akaingia.

"Mama Haugen, ni mimi."

"Nimekujua. Viatu vyako vinalia." Kichwa cha Solveig kikainuka. "Hauko peke yako."

"Siko peke yangu. Lakini kwanza nina neno, na ningeomba ulisikie kabla ya kingine chochote. Mwaka jana nilikuletea picha."

"Ile ya vigae."

"Ile. Nilikuambia si yeye."

"Mimi ndiye niliyekuambia. Nilisema la mwanangu liko kushoto."

"Na mimi ndiye mpelelezi, mama. Ilikuwa kazi yangu kuuliza nani aliitengeneza ile picha, na sikuuliza. Iligeuzwa. Ningeuliza, angekuwa hapa mwaka jana, macho yako yakiwa bado yapo. Nimekuja kukuomba radhi, na sidai unisamehe."

Solveig akalainisha blanketi magotini. Dale alipopiga hatua, ubao wa sakafu ukalia, na yule mama akanyoosha mkono mbele, kiganja wazi, bila kuuliza ni nani.

Dale akapiga magoti. Mkono ukapata ndevu kwanza, ukasita, maana ndevu haukuzijua. Ukapanda shavuni, ukapita puani, ukafika kwenye nyusi. Kidole kimoja kikatembea juu ya nywele, kikaingia katika lile pengo, kikatulia.

"Kushoto," Solveig akasema.

"Kushoto, mama," Dale akasema, na hiyo ilikuwa sauti ya mtu mdogo zaidi ya miaka yake.

"Nilisema neno baya siku ile."

"Nililistahili."

"Hata. Hakuna mtoto anayelistahili." Kidole hakikutoka pale. Baada ya muda akageuza shavu upande alikokuwa Ardith. "Kwa hiyo wewe, binti. Yule wa vigae, mwaka jana, alikuwa ndiye huyu?"

"Alikuwa ndiye."

"Basi nilimwona."

Ilikuwa kweli. Mwanamke huyu alikuwa ameushika uso wa mwanawe mbele ya pua yake, siku ambayo macho bado yalifanya kazi, na akaurudisha.

"Ulimwona, mama."

"Sikumtambua, lakini nilimwona." Solveig alikuwa kama anapima neno hilo, kama litatosha. "Alikuwaje? Mimi niliona rangi tu, kahawia, na nyeusi. Alikuwa amenuna? Huyu alipenda kununa."

Ardith akamtazama Dale, na Dale akatazama sakafu. Katika picha ya asili hakukuwa na tabasamu. Katika ile ndogo kulikuwa na nukta tano, mbili za pembeni zimepandishwa kidogo, na mama alikuwa anauliza habari za ile ndogo. Kwa miaka yote ya kazi Ardith hakuwahi kuongeza nukta hata moja kwenye ripoti.

"Alikuwa anatabasamu," akasema. "Kidogo."

"Kweli?"

"Kweli, mama. Ukiitazama kwa mbali."

Solveig akaitikia kwa kichwa. Kisha akaushusha mkono kutoka kwenye kovu, taratibu, hadi mdomoni kwa mwanawe, akaweka vidole viwili pembeni, kimoja huku na kimoja kule.

"Basi nifanyie tena," akamwambia, akangoja.